Vita vya Mama Masijala na Droo Iliyokataa Diski ya Harusi

Tegeni masikio, enyi nyote mliowahi kuinamia mashine mkaisihi kwa jina la wazazi wenu nayo isijibu. Epueni sufuria, lazeni simu kifudifudi, nanyi mliosimama mlangoni ingieni mkae, kwa maana nataka kuwasimulia vita vilivyopiganwa Jumamosi moja juu ya meza ya kulia chakula, baina ya mwanamke mmoja na droo nyembamba isiyozidi unene wa kidole, vita ambavyo havikumwaga damu, ila chai. Ee pumzi, usinikatikie njiani. Ee kumbukumbu, usinichanganyie saa.

Shujaa wetu aliitwa Mama Masijala. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alilipata kazini, katika ofisi ambako kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa mlinzi wa majalada, mwenye miwani ya kamba, asiyepotewa na barua, ambaye hata wakuu wa idara walimwendea wakinyata. Nyumbani alikuwa na mume, mwalimu wa hesabu, mtu wa nadharia nyingi na bisibisi moja. Na katika chumba cha nyuma alikaa baba yake mzazi, dereva wa treni mstaafu, mzee mpole wa mikono mikubwa, ambaye tangu afiwe na mkewe miaka sita iliyopita alikuwa haombi kitu mezani isipokuwa chumvi.

Asubuhi hiyo mzee akaomba.

"Mwanangu," alisema, "ile diski ya harusi yenu bado ipo?"

"Ipo, baba. Kwenye droo ya vyeti."

"Mama yako alihutubia siku ile."

"Alihutubia sana."

Mzee akazungusha kijiko ndani ya kikombe ambacho sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani. "Sura yake naiona hata sasa nikifumba macho. Sauti ndiyo imeanza kunitoka. Juzi nilijaribu kukumbuka alivyokuwa ananiita, nikasikia sauti ya shangazi yako. Sasa hiyo si haki."

Mama Masijala aliweka kikombe chini kama jemadari anayekunja barua ya adui, akainuka, na waliokuwapo wanasema hata pazia lilitulia. Mashine ya DVD ya sebuleni ilikwisha kufa miaka mingi nyuma, ikazikwa chini ya kitanda. Ilibaki kompyuta mpakato ya mwalimu, kongwe, iliyofutika herufi tatu, lakini yenye droo ya diski ubavuni; na usiku uliotangulia droo hiyo ilikuwa imewaonyesha filamu nzima ya askari na majambazi bila kukwama hata mara moja.

Basi akaileta diski ya harusi, akaipangusa, akailaza ndani, akasukuma. Droo ikameza. Ikanguruma, ikasema krrr, ikasema krrr tena, ikanyamaza. Kisha kwenye kioo yakatokea maneno: Tafadhali weka diski.

"Ewe droo," akanena Mama Masijala, kwa sauti ile ambayo makarani wapya waliijua na kuiogopa, "diski imo tumboni mwako. Nimeiweka mimi, kwa mkono huu unaouona, na shahidi wangu amekaa pale na uji wake. Utaniombaje kitu ulichokwisha kupokea? Ofisini kwangu mtu anayepokea jalada akasema hajalipokea, huandikiwa barua."

"Inasemaje?" mzee akauliza.

"Inasema haina diski."

"Inadanganya," alisema mzee, bila chuki.

Hapo mwalimu wa hesabu akajitosa uwanjani, mikono ya shati imekunjwa. Aliisugua diski kwa pindo la shati, droo ikakataa. Akaipuliza, droo ikakataa. Akazima, akawasha, akahesabu mpaka thelathini kwa sauti kana kwamba mashine ilikuwa mwanafunzi mtoro. Droo ikakataa kwa utulivu uleule. Ndipo akainua kidole na kutoa hotuba.

"Tatizo ni programu. Mashine inaiona diski vizuri kabisa, ila haielewi video iliyomo. Nipeni saa moja niiwekee programu mpya, nanyi mtaona jinsi akili inavyoshinda chuma."

Akapewa saa moja. Akachukua mbili na nusu, na katika harakati zake kiwiko kikaangusha birika, chai ikafurika mezani mpaka ukingoni, na kompyuta ikaokolewa kwa kuinuliwa juu kama mtoto kwenye mafuriko. Programu mpya ikaingia. Askari na majambazi wakakimbizana kwa rangi nzuri kuliko jana. Diski ya harusi ikarejeshwa ndani, na droo ikasema krrr, ikaomba diski.

"Basi imekufa," alisema mwalimu, akitafuta mahali pa kuketi. "Diski hizi huwa zinakufa zenyewe tu zikikaa."

Alisema hivyo bila kukumbuka nani yumo chumbani. Mzee aliitazama mikono yake. Mama Masijala akamtazama mumewe, na mwalimu akagundua ghafla kwamba kuna vyombo vya kuosha.

Dereva wa treni akakohoa.

"Sisi injini ikigoma," alisema polepole, "tulikuwa hatugusi spana kabla ya kuandika. Imegoma wapi. Imebeba nini. Jana ilibeba nini ikakubali. Bosi wetu alikuwa mkali kwa hilo."

Kuandika! Neno hilo lilimwingia Mama Masijala kama tarumbeta inavyomwingia farasi mzee wa vita. Wakati wote huo alikuwa akipigana ugenini, kwa silaha za mwenzake, naye ana zake. Akaleta daftari kubwa, akapiga mistari kwa rula, akaita majeshi yote ya diski yatoke makabatini: askari na majambazi, mazoezi ya kupunguza tumbo, ambayo plastiki yake ilikuwa haijafunguliwa, wanyama wa barafuni, masomo ya kupiga gitaa, mahafali ya mpwa wake, kikao cha wazazi alichokirekodi mwalimu mwenyewe, chenye visogo vingi, na nyingine, jumla kumi na moja. Moja baada ya moja akaziingiza, akaandika, imekubali, imekataa, imekubali. Mwisho wa safu zilikuwa saba kwa nne.

Akazigeuza chali. Zile saba chini yake ziling'aa fedha tupu, kama kijiko kipya. Zile nne zilikuwa na uzambarau.

"Baba watoto," aliita. Mwalimu akatoka jikoni na povu mikononi. "Hizi saba zimetoka kiwandani. Hizi nne zimechomwa, yaani zimenakiliwa, na watu kwenye kompyuta zao. Diski nne haziwezi kufa pamoja. Hazikuwa kwenye basi moja."

Mwalimu akazitazama, akalitazama jedwali, na kwa heshima yake nitasema kwamba hakubisha.

Mama Masijala akatoka na kompyuta kwapani na daftari mkononi, akapita mtaa wa nyuma, penye karakana ya pikipiki na duka la rangi, mpaka kwenye kibanda cha fundi wa kompyuta, mtu wa maneno machache mwenye kalamu sikioni. Fundi akalisoma lile jedwali mara mbili. Hakuna mteja aliyewahi kumletea ugonjwa ulioandikwa vizuri namna hiyo.

"Diski ya kuchoma inarudisha mwanga kidogo," alisema. "Jicho la droo likishika vumbi, za kiwandani linaziona bado. Hizi linazipita. Niachie, Jumatatu nitaisafisha."

"Jumatatu ni mbali, kijana. Nina mzee nyumbani anayesahau. Nielekeze nifanye mwenyewe."

Fundi akamtazama usoni, akaona hana la kufanya. Akafungua droo, akamwonyesha juu ya kitelezo kinachobeba diski kioo kidogo kama punje ya dengu. "Kijiti cha pamba, tone moja la spiriti. Usikandamize. Subiri ikauke."

Sasa sikilizeni kwa makini, maana tumefika.

Saa tisa kasorobo kompyuta ilizimwa, betri ikatolewa, droo ikavutwa wazi. Mwalimu akasimama na tochi ya simu, mshika mwenge wa zama hizi. Mzee akasogeza kiti. Mama Masijala akavaa miwani yake juu ya miwani ya mumewe, akachovya kijiti, akakikamua, akakishusha.

"Usitingishe hiyo taa," alisema.

"Siitingishi. Hata kupumua sijapumua."

Akazungusha mara moja, mguso mwepesi kama wa kumfuta mtoto mchanga kope. Akazungusha mara ya pili. Pamba ikatoka na doa la kijivu, dogo kuliko nukta, na hilo ndilo lilikuwa adui mwenyewe, jeshi zima, na jemadari wake. Wakangoja dakika kumi. Kisha akarudisha betri, akawasha, akailaza diski ya harusi, akasukuma.

Krrr, ikasema droo.

Mwalimu akafumba macho. Halafu mngurumo ukanyooka, ukawa mwembamba, ukashika mwendo, na mzee akainua kichwa kwa kuwa alikuwa anaijua sauti ya chombo kilichokubali kuondoka.

Ukumbi ukatokea, wenye giza upande mmoja. Viti. Mtu akipita mbele ya kamera. Na kisha mwanamke mfupi mwenye gauni la bluu, ameshika karatasi aliyokuwa haisomi.

"Ndugu zangu, sitasema mengi," ilisema ile sauti, nyembamba, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni mwa maneno. Ikaendelea kusema mengi. Ikasimama. "Wewe wa kamera, umekanyaga kiatu changu. Haya. Nilikuwa wapi? Na wewe baba watoto, weka hiyo sahani chini, nakusifu hapa."

Mzee alikuwa amekaa wima kabisa.

"Nilikuwa namalizia tu," alikiambia kioo.

Na ijulikane kwa walio karibu na walio mbali, na iandikwe kwa wino usiofutika, kwamba Jumamosi hiyo, saa tisa na dakika tano alasiri, mwanamke mmoja alilishinda vumbi kwa kijiti cha kusafishia masikio. Kwamba mume wake alikiri mbele ya mashahidi kuwa haikuwa programu. Na kwamba tangu kompyuta zianze kukunjwa na kubebwa kwapani, hakujatokea ushindi mkubwa zaidi ya huo katika mtaa ule. Majirani hawakupiga vigelegele kwa kuwa hawakujua. Wangejua, wangepiga.

Mzee hakutoka sebuleni siku hiyo. Alijifunza kitufe cha kurudisha nyuma, na kwa kidole kilichozoea magurudumu na breki za chuma akawa anamrudisha mkewe taratibu mpaka pale alipomwita, kisha yeye anamsikiliza na kumjibu. Na kila mara jibu lake lilikuwa zuri kuliko la mwanzo.