Mwalimu Alistidia Alivyojinasua Mikononi mwa Tata Protase

Sogeeni, enyi wana wa Muleba na Bukoba, wenye migomba na wenye maduka, wekeni chini majembe na vikombe, msikie vita vilivyopiganwa kando ya barabara kuu enzi zile za Ujamaa, ambamo haikumwagika damu ila senene wachache!

Alistidia binti Yoeli, Mshika Chaki, Tishio la Wachelewaji, alikuwa akingoja basi pale Muleba aende harusini kwa dada yake Bukoba, na kikapu cha senene, wale panzi watamu wa kukaanga, mkononi. Basi lilikuwa moja tu siku ile, na bibi harusi alikwisha kuapa kwamba bila Alistidia na senene haingii kanisani.

Ndipo alipotokea Tata Protase, baba wa heshima kwa wote na bingwa wa kisomo cha watu wazima, ambaye baada ya kuiteka lugha ya taifa alikuwa sasa amekitangazia vita Kiingereza. Akampokea kikapu kwa heshima, akakikumbatia kama ngao, asikirudishe.

"Mwalimu!" akanguruma. "Redioni nimesikia kutoroka ni 'escape'. Je, neno hilo halina ndugu?"

"Lina 'flee', Tata. Ni kukimbia hatari. Naomba kikapu."

"Filii! Na anayeponyoka kimyakimya mkutanoni?"

"'Slip away.'"

"Silipawei! Na mhasibu anayetoroka na mali ya ushirika?"

"'Abscond', Tata! Basi hilo linakuja!"

"Abuskondi! Waitu, jamani, neno lina mifupa hili! Na wengine?"

Honi ikalia konani. Kumpokonya mzee kikapu ni aibu ya ukoo mzima. Kufika mikono mitupu ni harusi kuvunjika. Hapo ndipo hekima ilipomshukia.

"Tata, limebaki moja, mfalme wao wote: 'vanish'. Ni kutoweka kama ukungu. Halifundishwi kwa mdomo tu. Weka kikapu chini, ufunike macho kwa mikono miwili, ulitamke mpaka likukae."

Protase akatii. "Vanishi! Vanishi! Vanishi!" akaunguruma, hata kuku wakakimbilia migombani. Alistidia akanyakua kikapu, akaruka mtaro, akaudaka mlango wa basi lililokwisha kuanza kuondoka. Senene kadhaa walianguka kishujaa.

Mzee akafumbua macho. Mwalimu hayupo. Kikapu hakipo. Vumbi tu. Akaduwaa, kisha uso ukamchanua, akarusha kofia juu.

"Nimelielewa!" akalia kwa furaha. "Waitu, huyo ndiye mwalimu!"

Ndani ya basi abiria walipiga vigelegele, na Alistidia, akitweta na kucheka mpaka machozi, akatawazwa juu ya mkungu wa ndizi, maana viti vilikwisha. Na iandikwe, enyi waandikao makuu ya nchi, kwamba siku ile mwalimu mmoja alijikomboa pasipo kumvunjia mkubwa wake heshima.