Sufuria Isiyosimama Peke Yake

Jumatatu, tarehe 3 juni

Séraphine ameondoka! Miaka ishirini na sita ya ndoa, na ameondoka kwa sababu ya sufuria. Sufuria! Nimeshika kichwa tangu asubuhi.

Niandike kwa mpango, ili siku moja watu wa makumbusho wajue ukweli. Jana, Séraphine akiwa misani, mwanaume mmoja jina lake Akili alipiga hodi. Akasema yeye ni mchimba dhahabu wa Luhwindja, na kwamba shimoni wamefukua kitu. Akafungua kitambaa. Mungu wangu! Uso mweusi, kioo kizima, namba kutoka sifuri hadi kumi, sindano moja nyeupe. Altimètre! Kile chombo kinachomwambia rubani yuko juu kiasi gani. Miaka kumi na mbili nakusanya vitu vya zamani vya jeshi na vya ndege. Ninazo kofia za chuma, vibuyu vya askari, redio ya mwaka 1960 ambayo haisemi. Altimètre sikuwa nayo.

Akili hakutaka redio. Hakutaka kibuyu. Alitaka sufuria kubwa ya Séraphine. Eti wachimbaji wenzake ni wengi na wanakula sana. Nikamwonyesha nyingine mbili nzuri zaidi. Akakataa, alitaka ile ile. Ilibidi nigeuke pembeni nicheke. Ile sufuria ni kituko. Chini imechongoka, haisimami bila mafiga matatu, na mdomo wake una vitundu vidogo pande zote, mvuke unatoroka humo kila siku. Nikampa haraka kabla hajabadili mawazo.

Leo Séraphine akaitafuta. Jumamosi familia ya Luc inaleta mahari ya Ariane wetu, na kwa akina Séraphine kuna desturi: mama anawapikia wakwe ndani ya sufuria ile, halafu anamkabidhi binti yake. Yeye alipewa na mama yake, mama yake alipewa na bibi. Nilisahau! Kabisa nilisahau! Nikamwonyesha altimètre ili afurahi. Hakupiga kelele. Alisema tu:

"Basi wakwe utawapikia mu ile saa yako."

Akafunga kitenge. Akasukuma mlangoni pa jikoni lile bakuli lake zito la shaba analozuilia mbuzi wasiingie. Nalo ni takataka nyingine ya kutoka kwao: lina kioo juu, mafuta ndani, na sindano mbovu. Uligeuze mara mia, sindano inaangalia upande wa Goma tu, kule kaskazini. Kisha akapanda pikipiki kwenda kwa baba yake, Nyantende.

Bila yeye hakuna mahari. Wakwe wakikuta nyumba haina mama, watasema mama amekataa posa, na watageuza ng'ombe wao. Ariane analia chumbani. Nitatengeneza mambo kesho.

Jumanne, tarehe 4 juni

Kabla ya kumfuata mke, lazima chombo kitambuliwe. Kila kitu na wakati wake. Nikamwita Adalbert.

Adalbert ni jirani, tumetengwa na ua tu. Alikuwa fundi wa ndege pale Kavumu kabla ya kustaafu. Naye anakusanya. Mimi nina vitu arobaini, yeye ana kumi na saba, lakini vyake amevibandikia vikaratasi vyenye maandishi, ndiyo maana anajiona mukubwa. Namvumilia kwa sababu ya ujirani.

Alipita kwa mlango wa jikoni, akajikwaa kwenye lile bakuli la shaba. Nilifikiri atatukana. Badala yake akainama, akalitazama muda mrefu, akaligeuza kidogo, akalitazama tena, akalipangusa kwa mkono wa shati. Uzee ni kitu kibaya.

Nikamwekea altimètre mezani. Akavaa miwani. Akaivua. Midomo ikaanza kumtetemeka. Akasema kwa sauti ndogo kwamba miaka thelathini Kavumu hajaona chombo cha namna hii, na kwamba wivu unamchoma. Machozi yakamtoka! Akatoka nje, akashika mti wa ua, mabega yakawa yanaruka. Sikujua kwamba mtu mzima anaweza kuumia hivyo. Nilimhurumia, ingawa si sana.

Aliporudi akanishauri nikipandishe chombo mlimani, eti altimètre ya kweli inajua kilima. Nikapanda. Jua kali, vumbi la kiangazi, magoti yangu haya. Chini, sindano kwenye sifuri. Juu kabisa, ambapo unaliona ziwa lote, sindano kwenye sifuri. Nikashangaa! Baadaye nikaelewa. Chombo cha namna hii hakihangaiki na vilima vya watu wa miguu. Kinangoja ndege.

Ariane akauliza kama nimepita kwa maman yake. Nikamwambia kesho.

Jumatano, tarehe 5 juni

Leo lazima niandike yote.

Nilifika Nyantende na mbuzi mmoja na bidoni ya kasiksi, pombe ya ndizi ya kuombea msamaha. Nikakaa kwenye kiti kifupi, macho chini, jinsi inavyompasa mkwe. Baba mkwe, muzee Zagabe, akaonja, akasifu pombe. Akamtazama mbuzi, akamsifu mbuzi. Séraphine hakutokea. Nilisikia tu mtwangio nyuma ya nyumba. Alikuwa anatwanga sombe, majani yale ya muhogo, kwa nguvu kuliko sombe inavyohitaji.

Muzee akatoa hukumu: sufuria ikiingia nyumbani, Séraphine anaingia. Isipoingia, Jumamosi nipokee wakwe na mbuzi wangu. Nikamwambia nitaleta mpya, yenye makalio ya kukaa chini vizuri. Muzee akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, ile sufuria haikufuliwa na fundi. Ilianguka toka juu."

Akaeleza. Wakati wa vita ya wazungu, ndege ya jeshi ilianguka msituni nyuma ya Bunyakiri. Bibi yake Séraphine, aliyezaliwa kule, alifika wa kwanza. Akafungua misumari ya pua ya ndege, ile kofia inayofunika katikati ya feni la mbele, akaibeba kichwani mpaka kwao. Vile vitundu vya mdomoni ni matundu ya misumari.

Nini!

Kikombe kikaniponyoka, kasiksi yote kwenye suruali. Kofia ya hélice! Miaka ishirini na sita nakula maharage ndani ya ndege, huku nalalamika kuhusu mvuke! Mimi! Mtaalamu! Mashavu yakawaka.

Muzee akaendelea, eti bibi alichukua vitu viwili katika ndege ile, na cha pili nacho kikamfikia Séraphine. Nani angengoja cha pili? Niliruka kwenye pikipiki. Kofia yangu imebaki kwao.

Alhamisi, tarehe 6 juni

Nimeamka na mpango: niende Luhwindja, nimtafute Akili shimo kwa shimo.

Sikufika mbali. Pale magari ya Luhwindja yanapopakia, chini ya mwavuli, nani amekaa juu ya tairi? Akili! Ana gundi mkononi na jeki pembeni. Si mchimbaji. Ni kwado, mtu wa kuziba matairi!

Alinisalimu kwa furaha. Akauliza kama nimeshamaliza kukitumia kipimo chake. Tangu Jumapili anapima upepo wa matairi kwa kuyapiga teke, na wateja wameanza kunung'unika. Akanionyesha mashine yake ya upepo. Pembeni ina tundu tupu, la mviringo, saizi ile ile. Nikatoa altimètre mfukoni. Ikaingia. Ikakaa sawasawa! Akawasha mashine. Sindano, ambayo mlima mzima haukuitikisa, ikapanda mpaka sita.

Nilikaa chini, kwenye vumbi. Watu walifikiri nimeugua, mama mmoja akaniletea maji.

Nikamuuliza sufuria iko wapi. Hakuficha. Iko kwa tonton, mjomba wake, ndiye aliyemtuma na kumfundisha maneno. Luhwindja yeye hajawahi kukanyaga. Nikamuuliza tonton yupi.

Adalbert!

Yale machozi! Yale mabega! Alikuwa anacheka!

Ijumaa, tarehe 7 juni

Nilikwenda kwa Adalbert na kipimo mkononi (Akili aliniazima mpaka saa sita). Mpango: kurudishiana kwa nguvu, na akikataa, nimwite chefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa.

Sufuria ilikuwa sebuleni, juu ya meza, imekaa kwenye mafiga matatu ya mbao aliyoyachonga na kuyapiga msasa. Imesuguliwa mpaka inang'aa. Ndani, chini ya masizi ya miaka themanini, kumbe kulikuwa na namba zilizogongwa kwenye chuma. Na kikaratasi: "Kofia ya hélice. Ndege ya jeshi. Bunyakiri." Nilikuja kupigana, nikajikuta nimevua viatu.

Adalbert hakukana. Akanipa chai. Alisema miaka kumi na moja amekula maharage kwangu kila sikukuu, na kila sikukuu macho yake yalikuwa kwenye mafiga. Mara tatu aliniuliza naionaje sufuria ile. Mara tatu nilimjibu kwamba ilifuliwa na fundi mulevi. Akasema aliona aibu kitu kama hicho kukaa kwa mtu asiyekijua. Nikajibu kwa kelele. Nilimwita mwizi, nikamwita kwado, nikamtaja chefu. Mke wake, maman Adèle, akafunga madirisha.

Hapo mlango ukafunguliwa. Séraphine! Alikuwa na kofia yangu mkononi, ile niliyoisahau Nyantende; alikuwa ameileta nyumbani, na kelele zangu zikamfikia hata ng'ambo ya ua. Akamsalimu Adèle, akauliza habari za watoto, akauliza habari za goti la Adèle. Mimi hakuniona. Kisha akasema:

"Tonton Adalbert, kesho ni mahari ya Ariane. Nimekuja kuchukua sufuria yangu."

Basi! Hakuna chefu, hakuna kelele. Adalbert akasimama kama mtoto wa shule. Akaipangusa mara ya mwisho, akambebesha kichwani kwa mikono yake. Akaomba kitu kimoja tu: sikukuu zikija, aruhusiwe kuja kuitazama. Séraphine akamwambia aje hata kesho, aitazame na ale. Halafu akanigeukia, akanivisha kofia yangu, akaniambia nimrudishie Akili mali yake kabla ya saa sita.

Nilitembea nyuma yake mpaka nyumbani. Nadhani hii imenifundisha kitu.

Jumamosi, tarehe 8 juni

Wameleta! Ng'ombe wamo uani, wanapumua! Msemaji wa akina Luc alizunguka maneno saa nzima kabla ya kutaja ua zuri aliloliona kwetu, watu wetu wakajifanya hawaelewi, kila kitu kimekwenda kwa adabu.

Maharage yametoka ndani ya ndege. Baba mdogo wa Luc akauliza kwa nini sufuria ina matundu. Muzee Zagabe akasimulia. Wageni wakaacha kutafuna! Wakageuka kwangu, maana wamesikia mimi ni mtaalamu. Nikasimama. Nikaeleza kwamba niliitambua siku ya kwanza nilipoiona, miaka ishirini na sita iliyopita, na kwamba nilinyamaza kwa sababu za usalama. Adalbert akapaliwa na wali. Séraphine akanitazama muda mrefu sana.

Kisha akaiosha, akaikausha, akamwekea Ariane mikononi. Ariane akalia. Vigelegele mpaka barabarani. Mimi nami nililia, sikuficha. Nilikuwa nimekaribia kumnyima binti yangu siku hii kwa ajili ya kipimo cha matairi.

Nimeapa. Sibadilishani tena kitu chochote na mtu yeyote.

Jumapili, tarehe 9 juni

Leo Adalbert amekuja kuomba amani! Amekuja akiwa ameinamisha kichwa, wakati Séraphine na Ariane wako misani na muzee Zagabe, aliyelala kwetu, anaota jua mbele ya nyumba. Na amani yake ameibeba mikononi: kofia ya chuma ya askari wa miavuli. Nzima! Haina hata kutu. Bado inanuka rangi, ishara kwamba imetunzwa sana. Alisema ni yangu, na hataki kitu.

Mimi nina heshima. Nikasema lazima nami nimpe chochote. Akakataa. Nikasisitiza. Akakuna kichwa, akasema basi, kwa vile mbuzi wanamsumbua Adèle jikoni, nimpe lile bakuli bovu la mlangoni, lile la sindano inayoangalia Goma.

Nilimpa kwa mikono miwili kabla hajamaliza kusema! Hiki si kubadilishana, ni zawadi kwa zawadi. Nikampa na ushauri kwamba sindano haitengenezeki, mimi nilishajaribu kwa nyundo mwaka 2009. Akafumba macho kidogo. Kisha akalifunga ndani ya koti lake, akaondoka polepole, hatua kwa hatua, amelikumbatia kifuani. Masikini Adalbert. Huu ndio mwisho wa ufundi wake.

Sasa Séraphine amerudi. Kuna kelele jikoni. Mbuzi wameingia wote, wamekula fufu ya mchana, mmoja amesimama na miguu miwili ndani ya unga. Muzee Zagabe naye ameingia na kukaa karibu yangu. Anataka kumalizia ile hadithi ya Jumatano, eti sikungoja kusikia kitu cha pili.

Séraphine anauliza toka jikoni:

"Papa Ariane, bakuli yangu ya mulango iko wapi?"

Muzee amenyanyua kichwa. Ananitazama.

Ngoja kwanza nivae ile kofia ya chuma. Ndipo nitamjibu.