Nyutroni za Lubasha

Jumatatu, 12 Mei 2025

Mkuu wa shule katangaza: mwalimu mmoja tu atapeleka wanafunzi kwenye maonyesho ya sayansi Ruangwa. Ni mimi, nani mwingine? Gaudens wa kemia anatengeneza sabuni. Sabuni! Mimi nitaonyesha wanasayansi wanavyopima nishati ya nyutroni zinazoruka plutoniamu ikipasuka. Plutoniamu hapa Nambambo hatuna, lakini kanuni nyepesi: zinatoka pamoja, yenye nishati kubwa inafika mapema. Pima muda, umepata nishati. Natafuta tu kitu cha kutoka kwa pamoja, kila kimoja na mbio zake.

Jumanne, 13 Mei

Ng'ombe wa Lubasha! Zizi ndiyo plutoniamu. Lubasha, jirani aliyehamia na mifugo kutoka Kanda ya Ziwa, kasita. Kasema hawa hawakimbii kila mmoja kivyake, wanamfuata mwenye kengele. Nikamwambia fizikia aniachie mimi. Akaomba basi nimsubiri, tufungue pamoja, maana wakigusa ufuta wa mtu kijiji kitamfukuza. Nikaapa.

Alhamisi, 15 Mei

Sikumsubiri. Alfajiri nimewaandika ubavuni kwa chaki, N1, N2, kuendelea. Nikafungua, saa mkononi. Mwenye kengele akatoka, wengine wote nyuma yake, mwendo mmoja! Kisha akakata kona, moja kwa moja kwenye ufuta wa Bi Kulthumu, mwenye nyumba wangu.

Nikakimbia. Siyo kuwarudisha. Nyumbani.

Ijumaa, 16 Mei

Ng'ombe wamezuiliwa ofisi ya kijiji. Watu wanasema zile chaki ni alama za Kisukuma, kaziandika Lubasha mwenyewe. Kesho Lubasha anajadiliwa, huenda akahamishwa na watoto wake. Bi Kulthumu kaniletea ugali na kisamvu, kalia pale mlangoni, kamlaani Lubasha. Nikaitikia! Tena nikaongeza kisamvu. Aibu hii, ee Mungu.

Jumamosi, 17 Mei

Mkutano, pale pale ofisi ya kijiji, ng'ombe wamefungwa kando. Lubasha alinitazama mara moja, hakunitaja. Niliapa nitasimama mwenyekiti akimaliza kusoma mashtaka. Gaudens akaniwahi. Akasoma ubavu wa dume kwa sauti, N7, akauliza kama mwalimu wa fizikia ana maelezo, na kama nyutroni zote hula ufuta.

Nikasimama. Nilikuwa nasimama hata hivyo! Lubasha kaachiwa. Mimi nimepewa shamba zima nilivune peke yangu.

Jumatano, 21 Mei

Gaudens kaenda Ruangwa na sabuni zake. Mgongo umekufa. Jioni Lubasha kaja na mundu, kaanza kuvuna mstari wa pili. Afadhali angenitukana, mwanaume mzima nililia nimeinamia ufuta.

Bi Kulthumu ana kuku wengi. Nimewachunguza: hawana kengele, na kila mmoja ana mbio zake. Kesho nawafungulia.

Safari hii siandiki namba.