Tundu la Nne

Jumatatu, 3 Juni
Balaa! Profesa anasema maabara itabaki na mtafiti mmoja. Mimi au shemeji, mume wa dada yangu. Ijumaa, atakayemchorea umbo kamili la molekuli yake ndiye atakayebaki na meza. Mwingine afungashe virago. Mimi nina kijiko cha unga wa njano, jasho la miezi mitatu ya kuchemsha mizizi. Ni kitu gani? Sijui. Ajuaye ni mashine ya sumaku tu. Nimesoma foleni yake ukutani: shemeji tundu la nne la trei, kesho. Mimi la kumi na tisa, Alhamisi jioni! Nimekwisha.

Jumanne, 4 Juni
Akili ni mali. Fundi wa mashine alipokwenda kula, nikanyemelea chumbani kwake. Mirija ya kioo yenye sampuli imesimama kwenye trei, myembamba kama kalamu, yote pacha. Wa tundu la nne nikauhamishia la kumi na tisa. Wa kumi na tisa nikauleta la nne. Majina sikusoma. Mwizi hana nafasi ya kusoma! Kutoka tu, nikagongana na shemeji. Akatabasamu, akaniuliza kama nimeshapata habari njema. Nikamwambia nina haraka. Mnafiki.

Jumatano, 5 Juni
Grafu imetoka. Juu yake, jina langu! Sikuelewa, ila bahati haiulizwi ilikotoka. Nikajifungia nayo. Ndani ya sumaku kila haidrojeni hutoa kilele chake, na kila kilele ni mmbea: humtaja jirani. Kimepasuka vitatu? Jirani zake wawili. Kizima? Hana jirani, maskini. Sikula, sikunywa. Alasiri umbo lote likakaa. Zuri mno. Nikalia.

Ijumaa, 7 Juni
Aibu ya mwaka. Nilichora ubaoni bila kukosea hata mstari. Profesa akapiga makofi. Shemeji akainuka taratibu.

"Samahani, shemeji. Hiyo ni yangu."

Fundi akaitwa. Akaeleza kwamba Jumatatu jioni shemeji alimwomba anipe mimi zamu yake, maana dada alimwambia sipati usingizi. Mirija ilikuwa imeshabadilishwa, na majina kwenye foleni pia! Mimi, kwa mikono yangu, nikairudisha ilikotoka. Nimemfanyia shemeji kazi yake yote, tena vizuri.

Na unga wangu? Grafu ya tundu la kumi na tisa ikafunuliwa. Profesa hakuhitaji hata miwani. Ni dawa ya kulainishia plastiki. Imeyeyuka kutoka kwenye kifuniko cha chupa yangu. Miezi mitatu nimekuwa nikitafiti kifuniko! Ardhi, pasuka.

Jumamosi, 8 Juni
Nimeamka sina hamu ya dunia. Asubuhi wakaja, dada na mumewe. Dada macho mekundu. Shemeji kamwangukia Profesa hadi kakubaliwa: meza tugawane, utafiti wa mizizi tuuanze upya pamoja, mara hii kwa chupa za kioo, ripoti iwe na majina yetu mawili. Akaniuliza kwa upole mizizi inachimbwa wapi, aniwahishie kesho mimi nipumzike.

Wema gani huo? Anaitaka mizizi yangu! Nikamwelekeza kwenye magugu ya nyuma ya karakana, hayana lolote. Atachimba kutwa nzima, kisha tutayachemsha miezi mitatu, mimi na yeye, bega kwa bega.

Nimemkomesha.