Ombi la Kuirudishia Programu Ugumu Wake

Kwa mpwa wangu, mtunzaji wa programu huria ya orodha ya vitabu, pamoja na wenzako wa kujitolea.

KUHUSU: MADHARA YA USAKINISHAJI RAHISI

Mpwa wangu,

Uniwie radhi kwa kimya changu kirefu. Sikukususa. Nilikuwa nikitafuta hasira yenye adabu, nayo imechelewa kupatikana. Sasa ninayo.

Nimesoma tangazo lenu kwamba toleo jipya limefungwa ndani ya kontena, yaani programu na kila inachokihitaji vimewekwa pamoja tayari, hata mtu yeyote aweza kuandika amri moja, akabonyeza, na kazi ikaisha. Mmelitangaza jambo hili kwa furaha. Kamati ya maktaba yetu ya mtaa, ambayo mimi ni mwenyekiti wake, imelipokea kama taarifa ya msiba.

Unakijua chumba chetu nyuma ya duka la fundi cherehani: rafu, kompyuta moja, na feni inayogeukia upande mmoja tu. Unajua pia kwamba kila Jumamosi sisi hukutana humo kuisakinisha programu yako katika kompyuta hiyo. Pengine hujui kwamba kila Ijumaa, kwa azimio halali la kamati, programu hiyo hufutwa, ili Jumamosi isikose shughuli. Malalamiko yetu ni haya.

1. Mmemnyang'anya mama yako kazi. Tangu baba yako atutoke, dada yangu hatoki nyumbani ila Jumamosi. Ukimwalika harusini, magoti yanamuuma. Ukimwalika chai, ana nguo za kuanua. Lakini ukimwambia programu imekwama, hufika kabla ya mwenye ufunguo. Yeye ndiye msomaji wa maelekezo. Huvaa miwani, hukohoa, husoma: "Kabla ya kuendelea, hakikisha vipande vyote vinavyohitajika vimo." Nasi huitikia, "Vimo, mama!" ingawa havijawahi kuwamo. Sasa maelekezo yenu ni mstari mmoja. Aliusoma, akaigeuza karatasi kutazama upande wa pili, asikute kitu, akavua miwani. Tukaizima kompyuta kwa huzuni. Jumamosi iliyofuata hakuja.

2. Fundi seremala alikuwa na kazi ya kushuku. Kila faili lililopakuliwa alilikodolea macho na kuuliza, "Hili nalo limetoka kwa nani?" Sasa kontena lina muhuri wa kidijitali, na kompyuta huuhakiki yenyewe. Kipaji cha mtu hakifi kwa tangazo. Amehamia kutushuku sisi. Mimi ameniuliza ni nani waliopiga kura ya uenyekiti wangu. Swali hilo halina adabu, na pia sina jibu lake.

3. Mnajisifu kwamba kontena hupakuliwa kutoka seva iliyo karibu, na kikibadilika kipande kimoja hushuka hicho tu. Zamani ule mstari wa kijani unaoonyesha upakuaji umefika wapi ulitambaa kwenye skrini kama bibi harusi anayesindikizwa. Mashemeji wawili wasiosalimiana walipatanishwa mstari ukiwa katikati. Ulipofika mwisho walikuwa wamekosana tena, kwa sababu nyingine iliyo bora zaidi. Leo mstari hufika mwisho kabla mtu hajakunja miguu. Tutapatana lini? Tutakosana lini?

4. Mmeondoa hitilafu. Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia, nanyi mmeifanya njia isiyopoteka. Kila kompyuta ilipokataa, fundi cherehani alisema, "Niliwaambia!" Hakuwa ametuambia lolote, lakini neno lile lilimpa heshima. Sasa hulisema nyumbani kwake. Mkewe amewasilisha malalamiko kwa kamati.

Kwa hiyo, tunaomba kwa unyenyekevu:

Maelekezo yarudi kuwa marefu, kwa herufi kubwa zinazofaa miwani ya mama yako, na angalau ukurasa mmoja upingane na mwingine.

Kontena lifunguliwe, na vipande vyake vitawanywe katika seva za mbali, mojawapo iwe na desturi ya kulala mchana.

Itungwe kanuni, kwa programu zote huria ulimwenguni, kwamba hakuna mtu atakayeruhusiwa kusakinisha chochote peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wawepo watu wanne, na mmoja wao awe shemeji.

Najua utanijibu kwamba wako wenye haraka ya kweli, kama vile hospitali. Hao wapewe kontena lao. Sisi tunaomba ugumu kwa matumizi ya kawaida. Mkikataa, kamati itahamia programu ya kulipia ambayo haifanyi kazi kabisa. Tumehakikishiwa kwamba kwa hilo haina mpinzani.

Nisalimie mkeo, watoto, jirani yako mwenye mbwa, na wenzako wote wa kujitolea. Yule aliyebuni kontena msalimie pia, na umwambie namwombea afya njema na vidole vizito.

Wako katika hasira yenye adabu,
Mjomba wako, Mwenyekiti

Tanbihi: Nilikuwa bado sijaifunga bahasha. Leo asubuhi nilimwarifu mama yako kwamba programu imekwama. Uongo huo umeingizwa katika kumbukumbu za kamati. Alikuja, akausoma ule mstari wenu, programu ikaanza kufanya kazi papo hapo, na orodha ikatuonyesha kwamba tuna vitabu. Zamani tulipofikia hatua hiyo giza lilikuwa limeingia, tukafunga mlango. Fundi seremala hakuamini. Akataka kimoja kitolewe rafuni kihakikiwe. Kikapanguswa vumbi. Mama yako akavaa miwani, akakohoa, akaanza ukurasa wa kwanza.

Nakuandikia haya kwa kunong'ona. Feni imezimwa ili asikike vizuri. Mashemeji wamekaa benchi moja. Mwizi wa hadithini amekamatwa sasa hivi, na fundi cherehani amesema, "Niliwaambia!" Safari hii ni kweli, alituambia. Mama yako amemnyamazisha, na ameuchukua ufunguo wa maktaba auweke mwenyewe, asije mtu akamtangulia kusoma katikati ya wiki.

Basi msiguse kitu. Kontena libaki hivyo hivyo. Kuhusu maombi yaliyotajwa hapo juu, kamati imekataa kuamua lolote mpaka mama yako amalize kitabu, naye ameshaanza kuitazama rafu ya pili. Uamuzi ukipatikana, nitakuandikia.