Taarifa ya Mburu Katika Daftari la Maendeleo

"Inatangazwa kwa furaha kubwa kwamba Kamati ya Maendeleo ya Waliomaliza Chuo Pamoja itakutana Jumamosi hii mjini Nakuru, ili ijulikane rasmi nani amefika wapi na nani amebaki wapi."

Mwalimu Wasike alikuwa akiisoma sentensi hiyo kwa mara ya tatu, akizidi kuipenda, mgeni alipobisha mlango wa chumba chake katika landi, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa reli. Alikuwa mzee mwembamba asiyemjua, amevaa viatu vya mpira wa gari, kofia mkononi.

"Wewe ndiye Katibu?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo bila kucheka. Wasike alisimama wima. "Ndiye, mzee. Karibu ndani."

"Mimi Thuo, wa Dundori. Wameniachilia juzi kutoka kambi ya kizuizini." Mzee akavua kiatu, akafunua soli, akatoa kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji kilichokunjwa hadi kikawa kama kibiriti. "Ni ya Mburu, mwenzako wa chuo. Anasema amechoka kuandikwa 'Hajulikani aliko' kila mwaka. Na isomwe yote. Neno kwa neno, mpaka chini."

"Nitaisoma, mzee. Mpaka chini."

"Watu wa kalamu huwa wanaruka," Thuo alisema. "Nitasimama dirishani nisikie."

Mwaka ulikuwa 1957, wa nne tangu wamalize chuo cha ualimu. Nchi ilikuwa katika hali ya hatari, lakini Kamati haikuruhusu jambo hilo livuruge kazi yake. Daftari la Maendeleo lilijazwa kila mwaka bila kukosa. Mwenye meza ya ofisi alipata alama mbili. Meza yenye droo, tatu. Droo yenye kufuli, nne, na ufunguo ulipaswa kuonyeshwa. Kanuni zote alizitunga Wasike mwenyewe, mtu mpenda haki, na ilikuwa bahati tu kwamba palikuwa na nusu alama ya kutunza chaki, kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo.

Kifungu cha Tano alikitunga siku alipomtembelea Kipketer, mwenzao wa idara ya mifugo, akamkuta Rongai katika nyumba ya serikali yenye veranda. Wasike alirudi nyumbani akashindwa kula. Akaandika: anayelazwa katika nyumba ya serikali, alama tatu, anayesafirishwa kwa gari la serikali, tatu, anayelindwa na askari wa serikali, tano. Hizo tano hakuna aliyewahi kuzigusa.

Mwenyekiti alikuwa Bwana Ogola, karani mkuu msaidizi katika ofisi moja mjini, mwenye alama tisa. Kwa katiba yao, mwenye alama nyingi ndiye aliyekalia kiti. Katika kila mkutano Ogola alitundika ukutani, juu ya kiti hicho, insha yake ya kumalizia chuo iitwayo "Uaminifu Kazini", ndani ya fremu ya kioo. Insha hiyo ndiyo iliyompatia kazi. Na Jumamosi hii mfukoni mwake mlikuwa na barua ya kumpendekeza Wasike awe msimamizi msaidizi wa shule. Cheo hicho kilikuwa na meza. Wasike alishauliza: ilikuwa na droo.

Mkutano ulipofunguliwa, Wasike alikunjua ile karatasi ya saruji.

"'Mimi ni mzima,'" alisoma. "'Nimepewa nyumba ya serikali, tunalala arobaini. Nililetwa kwa lori la serikali. Usiku na mchana ninalindwa na askari, siku nyingine wanne. Nimefundisha watu mia moja na sita kusoma. Tunaandika mchangani.'"

Watu walitazama sakafu. Kipketer, ambaye alizipenda kanuni zilipomgonga mtu mwingine, alivuta Daftari. "Nyumba, tatu. Gari, tatu. Askari, tano. Kumi na moja."

"Huyo ni mfungwa, bwana!" Ogola alifoka.

"Kifungu hakiulizi alikwendaje, Bwana Mwenyekiti. Katibu, na hao mia moja na sita?"

Wasike alipekua mbele, akapekua nyuma. "Hakuna kifungu cha kufundisha," alisema, na masikio yakamwaka moto. Watu ishirini na wawili waliosomea ualimu, na hakuna aliyekumbuka kukiweka.

Ogola alicheka kwa ukarimu. "Basi kumi na moja, apewe! Lakini kwa kuwa hayupo, nitamkalia kiti." Makofi yakapigwa. Akachomoa barua mfukoni. "Katibu, umesoma vizuri sana. Umemaliza?"

Palikuwa pamebaki mstari mmoja. Wasike aliusoma Alhamisi, akausoma tena Ijumaa, akatamani chai imwagikie hapo. Aliitazama barua, akaziona droo. Akatazama dirishani. Thuo alikuwa ameweka kiganja nyuma ya sikio.

"Bado, Bwana Mwenyekiti. 'Nisalimieni Ogola. Namwomba anitumie nakala ya ile insha niliyomwandikia, Uaminifu Kazini. Nataka kuwasomea wenzangu huku, lakini nimesahau inavyoisha.'"

Macho yote yalipanda hadi kwenye kioo juu ya kichwa cha Mwenyekiti, kisha yakashuka pamoja hadi kwenye kichwa chenyewe. Ogola aliikunja barua, akairudisha mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko. Akasema amekumbuka shughuli fulani. Fremu aliiacha ukutani. Kuitoa kungemlazimu anyooshe mkono mbele ya macho yote yale.

"Mwalimu," Thuo aliita kutoka dirishani, "kwani inaishaje? Kuna dereva anakwenda kule kambini Jumatatu."

Fremu ilikuwa juu. Wasike akavua viatu, akamwomba Kipketer kalamu, akapanda juu ya kiti cha Mwenyekiti, akaanza kunakili kuanzia juu, neno kwa neno.