Kamera Ndani ya Bomba Langu

Jumatatu, 3 Juni
Choo kimerudisha maji tena. Mara ya tatu tangu Pasaka! Mke wangu Teresia anasema bomba nililolaza mwenyewe halikukaa sawa. Uzushi mtupu. Mkosaji ni mjohoro wa jirani, Mzee Hussein. Mizizi yake imeingia bombani, sina shaka. Nimemtaka aukate. Akanijibu kwa upole kwamba mti uko mbele, barabarani, na bomba langu liko nyuma. Upole wa namna hiyo ni dharau! Nikaondoka bila kumwamkia. Ikabidi nirudi kumpa shikamoo yake, maana Teresia alikuwa anatazama. Akaitikia marahaba. Kwa furaha kabisa!

Jumatano, 5 Juni
Nimepata dawa yake. Kuna fundi wa Morogoro, anaitwa Doris, yuko Mikumi kwenye nyumba moja ya wageni. Ana kamera inayoingia ndani ya bomba na kuonyesha kila kitu kwenye skrini. Nimempigia. Anapita Kilosa Ijumaa. Nimemwalika Godfrey, mwenyekiti wa kitongoji, aje kushuhudia. Nimemwalika na Mzee Hussein mwenyewe, aione mizizi yake kwa macho yake. Teresia ameuliza kama nina uhakika. Swali gani hilo?

Ijumaa, 7 Juni
Doris kaja. Binti mdogo, mabuti makubwa. Kamera ikaingizwa kwenye chemba ya nyuma, namba zikawa zinahesabu mita pembeni mwa skrini. Mita ya nne, nyuzinyuzi. Nikapiga kelele: mizizi! Doris akasema ni nywele na nyuzi za dekio. Mita ya tisa, kamera ikazama majini. Akaeleza kwamba hapo bomba limebonyea, maji yanatuama badala ya kuteremka, kosa ni la aliyelaza. Nikamwambia udongo wa Kilosa una ukorofi wake. Hakuliandika hilo.

Kamera ikaenda hadi mita ishirini na mbili, ikatokeza shimoni. Doris akanipa karatasi ya majibu. Nikaisoma kwa sauti, mbele ya wote. Ufa: hakuna. Mizizi: hakuna. Nikaisoma tena, huenda nimeruka mstari.

Mwenyekiti akauliza kutoka chemba hadi mpaka wangu ni mita ngapi. Kumi na sita, nikajibu upesi. Nakijua kiwanja changu!

Teresia akashika mdomo. Mzee Hussein akatazama shimo lake la choo, mita sita tu upande wake wa mpaka.

"Kasian, mwanangu," akasema, "kumbe miaka tisa yote nakutunzia?"

Jumamosi, 8 Juni
Wananionea! Nilipochimba mwaka ule nililikuta bomba la zamani ardhini, nikaliunganisha na langu. Lilikuwa limekaa tu. Halikuwa na jina la mtu! Mwenyekiti ameniamuru nizibe bomba na nichimbe shimo langu. Doris naye kaeleza kwamba shimo la Mzee hujaa upesi kwa kuwa linabeba nyumba mbili. Mzee akasema miaka yote amekuwa akiwagombeza wajukuu kwa kumwaga maji ovyo. Teresia alikwenda kuomba radhi bila kuniuliza. Karudi na jibu: tutumie choo na bafu la Mzee mpaka shimo letu liishe. Nikaona aibu, kweli kabisa. Kama dakika moja hivi.

Jumanne, 11 Juni
Shimo langu limefika magotini. Nachimba mwenyewe, sitaki ushauri.

Tunaoga kwa Mzee Hussein siku ya tatu sasa. Mkewe, Bi Mwamvua, hutuwekea maji ya moto na sabuni mpya. Lakini bafu lenyewe! Maji hayashuki. Leo nimeoga nimesimama kwenye maji hadi vifundoni, kama mkulima wa mpunga. Nimempigia Doris. Akasema shimo limejaa, na sababu naijua.

Naijua sana. Uzembe! Mtu mzima, wajukuu sita, hajali shimo lake! Nimemwandikia mwenyekiti barua ya malalamiko, kurasa mbili, nakala kwa bwana afya. Teresia amekataa kuipeleka. Nitaipeleka mwenyewe kesho asubuhi, nikishatoka kuoga kwa Mzee.